Pindo na Siku Sita Bila Amri

Wifi yangu tunamwita Pindo, na jina hilo hakupewa na mtu wa ukoo. Alipewa na wazazi wa watoto wa shule. Ukimpelekea mtoto apimwe sare, Pindo hampimi alivyo leo, anampima atakavyokuwa mwakani. Sketi anaiachia inchi mbili ndani, suruali tatu, halafu anamwambia mzazi, "Akirefuka, mlete nimfungulie. Usinishukuru, niletee mteja." Mafundi wenzake walimcheka kwamba anajiharibia soko mwenyewe, maana sare inayodumu miaka miwili ni sare moja isiyoshonwa. Mimi sikucheka. Mteja anayerudi kwa miguu yake mwenyewe ni mtaji usiohitaji ghala.

Alikuja kwetu miaka kumi na mmoja iliyopita, mke wa mdogo wangu wa kiume. Alikuja na sanduku la nguo na cherehani ya mkono ambayo gurudumu lake lilikuwa limefungwa waya. Mama aliitazama akasema, "Tumeletewa chuma chakavu." Chuma hicho ndicho kilicholisha nyumba ile. Alianza na kola tu. Fundi mmoja mkubwa alikuwa akimpa mashati yaliyochakaa shingoni, ageuze kola upande wa pili. Baada ya kola yakaja mashati mazima, kisha cherehani ya miguu, kisha ya umeme, kisha chumba cha mbele kwenye jengo la maduka, chenye mlango wa vioo niliomuuzia mimi mwenyewe. Aliniomba nimpunguzie, nikakataa. Akauchukua kwa bei yangu, na tangu siku ile tukaheshimiana.

Mimi nauza milango na madirisha yaliyokwisha kutumika. Nyumba inapobomolewa, mimi nimeshafika, hata mwenye nyumba hajamaliza kulia. Hakuna aliyenirithisha biashara hii. Nilianza na madirisha mawili yasiyo na vioo, nikiwa nimeyabeba kichwani.

Mdogo wangu ana mdomo mtamu na mkono mzito. Kazi yake ilikuwa kukaa dukani kwa mkewe na kuzungumza na wateja, na kuzungumza anajua. Tatizo ni kwamba alikuwa akitoa ahadi na mwingine ndiye anayezishona. Miezi saba iliyopita, saa nne asubuhi, alimwahidi rafiki yake kwamba sare zake zitatangulizwa. Pindo akasema, "Foleni ni foleni." Basi. Maneno matatu tu. Mdogo wangu akachukua rula ya mezani akampiga nayo mkono wa kushoto. Vidole viwili vikavunjika.

Kwa mtu mwingine vidole viwili vya kushoto ni jambo la kusubiri vipone. Kwa fundi, mkono wa kushoto ndio unaoongoza kitambaa kwenye sindano, wa kulia ni wa kufuata tu. Miezi miwili Pindo hakushona. Aliposhona tena, alijifunza upya kama mtoto anavyojifunza kuandika.

Akashtaki. Ukoo mzima ukashika vichwa. Mdogo wangu akafunguliwa kesi ya jinai, ya kumjeruhi mtu, na mama akanijia uani kwangu nikiwa napima fremu. "Mwanangu, umdhamini mdogo wako asilale ndani. Hati ya kiwanja unayo wewe peke yako." Nikamdhamini. Sikujivunia wala sikuona haya. Mtu hajahukumiwa, acha asubiri nje. Lakini nilikwenda pia na Pindo mahakamani kuomba amri ya ulinzi, ili anayesubiri nje asubiri mbali. Mama aliposikia hilo akasema nimekaa kama panga lenye makali pande mbili. Nikamwambia, "Mama, nimesimama mlangoni. Mlango una pande mbili."

Enzi hizo utaratibu ulikuwa wa kienyeji lakini ulieleweka. Pindo alisimama kwenye dirisha la masijala, akaandika maelezo yake mwenyewe kwenye karatasi, akala kiapo, na jioni ileile akapewa amri: mshtakiwa asifike ndani ya mita mia kutoka dukani wala nyumbani kwake, asimpigie simu, asitume mtu. Ubaya wake ni kwamba kuifikisha kwa mdogo wangu ilikuwa kazi ya Pindo mwenyewe, na ilichukua wiki tatu, maana yule bwana alikuwa akihama kama paka mwenye watoto. Ila ilipomfika, ilishika. Miezi mitano hakuonekana.

Halafu wakabadilisha.

Tangazo lilibandikwa mlangoni pa masijala, maandishi madogo kama ya kwenye chupa ya dawa. Kwamba kuanzia sasa amri zote za ulinzi zinazohusu kesi za jinai zitaombwa na mwendesha mashtaka, ndani ya jalada lilelile la kesi, kwa fomu mpya, na si na mlalamikaji mwenyewe. Kwamba aliyeumizwa asibebeshwe tena mzigo wa kuomba, kuapa na kumfukuzia mtu karatasi mitaani. Kwamba amri za zamani zihamishwe ndani ya siku thelathini, la sivyo zitakufa zenyewe.

Sikatai, aliyeliandika alikuwa na nia njema. Nilisoma mara mbili nikamwambia Pindo, "Hii inaonekana nafuu." Na kwa kweli ingekuwa nafuu, kama aliyeiandika angewahi hata siku moja kuhamisha kitu kutoka mahali kwenda mahali.

Tulifika Alhamisi, saa tatu asubuhi. Karani wa masijala ni mwanamume mpole, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, haongezi sauti hata ukimchoma. Akatoa karatasi mbili.

"Hii ni ya kuondoa amri ya zamani. Hii ni ya kuomba mpya."

"Tunajaza zote mbili?" nikauliza.

"Mnajaza ya kuondoa. Hii nyingine anajaza mwendesha mashtaka."

"Yuko wapi?"

"Yupo, ametoka kidogo. Ila mpya haifunguki mpaka ya zamani ifungwe. Mfumo haukubali amri mbili juu ya mtu mmoja."

Pindo alinitazama. "Wifi, unaonaje?"

Hapa ndipo nilipofanya kosa, na sitalifunika. Katika kazi yangu nina sheria moja ninayomwambia kila mteja hata kabla hajakaa: mlango wa zamani hautoki kwenye fremu mpaka mpya uwe umefika uani na umepimwa. Nimewaona watu wanaong'oa mlango asubuhi kwa sababu fundi amesema mpya uko njiani, wakashinda siku mbili wamekaa kizingitini wakilinda masufuria yao. Nimewacheka. Na siku ile, kwa kuwa nilikuwa na mtu wa madirisha manne ananisubiri saa tano, na kwa kuwa karani alikuwa mpole, nikamwambia Pindo, "Weka saini, twende."

Akaweka. Karani akagonga muhuri. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Mwendesha mashtaka hakuwa ametoka kidogo. Alikuwa amekwenda mkoani kwenye mafunzo ya utaratibu mpya, na angerudi baada ya siku kumi. Hilo tuliambiwa tukiwa tumeshageuka, na mlinzi wa getini, siyo karani. Nikarudi dirishani.

"Basi turudishie ile ya zamani."

"Imeshaondolewa, mama."

"Irudishe."

"Utaratibu wa zamani wa kuomba haupo tena."

"Kwa hiyo sasa hivi wifi yangu ana amri gani?"

Akavua miwani, akaifuta. "Sasa hivi yuko katika kipindi cha mpito."

Yale ya kufukuzia karatasi mitaani kweli waliyaondoa. Mdogo wangu, ambaye amri ilimtafuta wiki tatu, aliletewa habari ya kuondolewa kwake kwa ujumbe wa simu hata kabla sijafika uani kwangu. Mfumo mpya ulikuwa na namba yake ya simu.

Ijumaa saa mbili na nusu alikuja dukani na kiti chake cha plastiki. Akakiweka nje, hatua mbili kutoka mlangoni, akakaa. Pindo akanipigia. Nilipofika, alikuwa amekunja nne, anawaamkia wateja.

"Karibuni, karibuni. Fundi yupo ndani. Mtoto kakua, mashallah."

"Unafanya nini hapa?" nikamuuliza.

"Shikamoo, dada."

"Nimekuuliza."

"Nimekaa. Kukaa ni kosa?" Akanionyesha simu. "Soma mwenyewe. 'Amri dhidi yako imeondolewa.' Sijaandika mimi, serikali hiyo."

"Unataka nini?"

Akashusha sauti, ile sauti tamu. "Afute kesi. Akiifuta leo, kiti hiki nakibeba. Sitaki ugomvi na mtu. Nitakaa tu hapa mpaka roho yake ilainike."

Hapo nikaelewa mzigo wote umekaa wapi. Ushahidi ulikuwa mmoja, Pindo mwenyewe. Rafiki aliyeahidiwa sare, aliyekuwepo siku ile, alikuwa ameshapata ugonjwa wa kusahau. Pindo akisema amesamehe, kesi imekufa. Asiposema, atashona akiwa na mtu huyu mgongoni, wiki mbili kabla ya shule kufunguliwa, msimu ambao fundi wa sare anakula au anakosa mwaka mzima.

Nikaingia ndani. Pindo alikuwa amegeuza meza ya cherehani, hakutaka kuupa mlango kisogo tena. Mwanga ulikuwa unampiga usoni, kazi ikimtokea gizani chini ya kivuli cha cherehani.

"Utaumia macho," nikamwambia.

"Afadhali macho," akasema, mguu ukiwa kwenye pedali.

Jumamosi akaja tena. Kufikia mchana wateja sita walikuwa wamefika mlangoni, wakaamkiwa, wakaangaliana, wakaenda duka la tatu. Mama mmoja aliingia, akapimisha mtoto haraka haraka, akamnong'oneza Pindo, "Mwanangu, si umsamehe tu watu wapumue?" Pindo akasema, "Nyoosha mkono, mtoto mzuri," akaandika kipimo.

Jumatatu nikaenda kituo cha polisi. Afande wa zamu alinisikiliza kwa adabu kabisa, na hiyo ndiyo iliyonichosha zaidi. Hapo hakuna aliyenitukana, hakuna aliyetaka chochote. Kila mmoja alikuwa mpole na kila mmoja alikuwa na mlango uliofungwa.

"Amemgusa?"

"Hajamgusa."

"Amemtukana?"

"Anawakaribisha wateja."

Afande akakuna shingo. "Mama, sasa nimkamate kwa ukarimu?"

"Alikuwa na amri. Mita mia."

"Namba ya amri?"

Nikamtajia. Akaitafuta kwenye daftari lake, akageuza ukurasa. "Hii imefutwa Alhamisi. Akimgusa, piga simu hata saa hiyohiyo."

"Afande, nataka asimguse. Akishamgusa kuna daktari, sikuhitaji wewe."

"Nakuelewa, mama," akasema, na naamini alinielewa. Kuelewa hakukuwa na fomu.

Nikarudi masijala mchana uleule. Karani alikuwa anakula karanga kutoka droo.

"Mwendesha mashtaka mwingine hayupo?"

"Yupo wa mahakama ya pili. Ila hajapata mafunzo, hawezi kujaza fomu."

"Hakimu?"

"Hakimu hatoi bila ombi. Na jalada halipandi kwa hakimu mpaka tarehe ya kutajwa kesi, wiki tatu zijazo."

"Wifi yangu anaweza kujaza fomu gani?"

"Mlalamikaji hana fomu sasa. Wamempunguzia mzigo."

Nikahesabu mpaka kumi kimoyomoyo. "Na mimi? Mimi kwenu nina fomu gani?"

"Wewe ni nani kwenye kesi?"

"Mdhamini wa mshtakiwa."

Akafungua droo ya chini. "Mdhamini ana moja. Ya kujitoa."

Nikasimama nayo mkononi. "Nikijaza hii kinatokea nini?"

"Mshtakiwa anaitwa haraka mbele ya hakimu, alete mdhamini mwingine au aingie mahabusu."

"Haraka ya lini?"

"Ukijaza kesho asubuhi, keshokutwa."

Kumbe keshokutwa ilikuwepo! Muda wote ule ilikuwa kwenye droo ya chini, imelala. Mtu kukaa hatua mbili kutoka kwa aliyemvunja vidole, hilo lilisubiri wiki tatu. Dhamana ya mahakama kulegea, hilo lilipata nafasi keshokutwa.

"Na hiyo siku jalada litapanda kwa hakimu?"

"Lazima."

"Na mwendesha mashtaka atakuwepo?"

"Lazima awepo mmoja. Huyo wa mahakama ya pili."

Sikuijaza pale. Nilikwenda kwanza kwa mama. Biashara mbaya huanza kwa kumficha mtu atakayeilipia. Nilimkuta anachambua mchele kwenye ungo, nikamwambia. Hakuacha kuchambua.

"Utampeleka mdogo wako jela kwa sababu ya kiti cha plastiki."

"Namwondolea dhamana yangu. Mjomba anaweza kumdhamini, mwambie alete hati yake."

"Damu ni damu, mwanangu."

"Na ile iliyotoka kwenye vidole ilikuwa nini, mama?"

Akausukuma ungo pembeni. "Ukijaza hiyo karatasi, usije hapa kunisalimia."

Nikamwambia nimesikia. Jumanne asubuhi nikaijaza. Sitasema nilitokwa na machozi. Niliijaza, nikarudi uani, nikauza milango miwili ya chumbani na kuwa mkali kwa kila mtu.

Pindo nilimweleza jioni, baada ya mdogo wangu kubeba kiti chake kwenda kula. Nilidhani atafurahi. Alikata uzi kwa meno, akauliza, "Kwa hiyo keshokutwa, yaani kesho, hakimu atakuwepo, yeye atakuwepo, jalada litakuwepo, na mimi?"

"Wewe huhitajiki. Ni jambo la dhamana. Ila njoo, tutamwomba hakimu aguse suala la amri."

"Tutamwomba," akasema. Akakunja shati.

Jumatano chumba cha mahakama kilikuwa na feni moja inayozunguka kwa kusitasita. Mjomba alikuwa benchi la mbele, hati kwenye bahasha ya kaki. Mama hakuja. Mdogo wangu alisimama kizimbani amevaa shati jeupe, na nitakiri lilikuwa limenyooshwa vizuri, ingawa sijui na nani. Hakimu alikuwa mwanamke wa makamo anayeandika kwa mkono wa kushoto. Shughuli ya dhamana ilichukua dakika nane. Mimi nikatolewa, mjomba akaingizwa, mdogo wangu hata mahabusu hakuiona. Nilikuwa nimekosana na mama kwa ajili ya dakika nane.

Nikasimama. "Mheshimiwa, naomba kusema."

"Wewe umeshatoka kwenye kesi hii, mama."

"Ni kuhusu amri ya ulinzi."

Hakimu akamgeukia mwendesha mashtaka wa kuazima, kijana mrefu anayejifuta jasho. "Una ombi la amri?"

"Mheshimiwa, mimi sijapata mafunzo ya fomu hiyo."

"Sikukuuliza fomu. Nimeuliza kama una ombi."

"Ombi linawasilishwa kwa fomu, Mheshimiwa."

Watu wakacheka chini chini. Hakimu akaanza kufunga jalada, na ndipo Pindo aliposimama nyuma yangu. Sikumgusa wala sikumwambia.

"Mheshimiwa, mimi ndiye niliyepigwa. Kesi hii imetajwa mara tano. Kuna siku mimi nilikuwepo yeye hakuwepo, kuna siku jalada halikuwepo. Leo niko hapa, yeye yuko hapa, jalada liko mezani kwako. Naomba nitoe ushahidi wangu leo."

Feni ikasita, ikaendelea.

"Leo si siku ya kusikiliza," akasema hakimu.

"Najua, Mheshimiwa. Kila siku niliyokuja haikuwa siku ya kusikiliza."

Mdogo wangu akaingia kati. "Mheshimiwa, haya ni mambo ya nyumbani, tunayamaliza. Nimekuwa nikikaa naye dukani wiki hii yote kwa amani."

Hakimu akainua macho. "Umekuwa ukikaa naye?"

"Nje, Mheshimiwa. Kwenye kiti."

"Kwa nini?"

Na yule mwenye mdomo mtamu, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akakosa neno lililo tayari. "Ili... roho yake ilainike kuhusu kesi."

Hakimu akaandika hilo polepole, neno kwa neno. Kisha akamwambia mwendesha mashtaka, "Muongoze shahidi wako. Mshtakiwa atamhoji siku iliyopangwa."

Pindo akala kiapo. Alisema dakika arobaini bila kupandisha sauti, kama anasoma vipimo. Hakulia, na mwendesha mashtaka wa kuazima akaonekana kusikitika kidogo kwamba halii.

"Alikupiga na nini?"

"Rula ya mezani. Inchi ishirini na nne, mti mgumu, ukingo mmoja una bati la kuongozea chaki. Alinipiga upande wa bati."

"Unajuaje ulikuwa upande wa bati?"

"Mti unavunja, hauchani. Mimi nilivunjika na nikachanika." Akainua mkono, akaonyesha kovu jembamba lililonyooka kama mshono.

"Uligombana naye?"

"Nilimwambia foleni ni foleni."

Alipomaliza, hakimu akasema ombi analo sasa, akavuta karatasi nyeupe isiyo na mistari akaandika amri kwa mkono wake wa kushoto: mita mia, duka na nyumba, mpaka kesi itakapoisha, tena ianze leo, bila kusubiri tarehe ya kutajwa. Akatia saini, akaagiza muhuri. Mdogo wangu alisomewa palepale, akaitikia kwa kichwa. Hakumtazama mtu.

Nikadhani tumemaliza. Mtu wa umri wangu, bado nikadhani.

"Haina namba," akasema karani dirishani.

"Ina saini ya hakimu," nikasema. "Ina muhuri. Wino haujakauka!"

"Naona. Lakini polisi wanatafuta kwa namba, na namba inatolewa na fomu. Hii haikutoka kwenye fomu. Labda mwendesha mashtaka akirudi mafunzoni..."

Nikaegemea dirisha kwa viwiko viwili. Nilikuwa tayari kumpa bei ya mwisho, yaani kelele. Pindo akanishika bega.

"Wifi, leo usinisaidie."

Alisema kwa upole, lakini nilisikia lililokuwa chini yake, na lilikuwa haki yangu kulisikia. Alhamisi nilimsaidia.

Akamgeukia karani. "Kaka, hii karatasi ni halali au si halali?"

"Ni halali, dada. Hakimu ndiye..."

"Basi inahitaji kuandikwa. Sina haraka." Akakaa kwenye benchi mkabala na dirisha, akafungua mkoba, akatoa mashati kumi na mawili ya shule yaliyobaki kutobolewa tundu za vifungo. Akavaa subana ya chuma kidoleni, akatia uzi sindano, akaanza.

Mimi nilikaa korido, karibu na ngazi. Saa sita karani akafunga dirisha akaenda kula, akarudi, akamkuta yuko kwenye shati la tano. Saa nane akamwambia arudi Ijumaa. Pindo akasema, "Ijumaa duka langu liko wazi, kaka, siwezi. Leo nimeshafunga." Watu wa foleni wakaanza kumuuliza anangoja nini, naye akawajibu wote, mmoja mmoja, kwa sentensi zilezile, bila kuongeza chumvi: hakimu ameandika, kaka anatafuta namba. Bibi mmoja akamwambia karani, "Mwanangu, namba si ni moja, mbili, tatu?" Foleni ikaangua kicheko. Karani akavaa miwani, akaivua, akaivaa.

Saa tisa na nusu, ofisi inafungwa saa kumi, alinyanyua simu. Akaongea na mtu, akasema "ndiyo mzee" mara saba, akafungua daftari la zamani, lile la utaratibu ulioondolewa, akachora mstari mwekundu chini ya ukurasa wa mwisho, na chini ya mstari akaandika amri ya Pindo kwa namba iliyofuata. Hakutueleza kama mfumo umekubali. Sikuuliza.

Pindo hakuondoka. Alisimama palepale dirishani akapiga simu kituoni. Nilisikia sauti ya yule afande wa Jumatatu. Akamsomea namba, tarakimu moja moja, akimsubiri aandike.

"Sasa nisomee wewe," akamwambia.

Afande akasoma. Akakosea tarakimu ya tatu.

"Hapana, afande," akasema Pindo. "Anza tena mwanzo."